Taa Ikiwaka Usidanganyike: Mashine ya Boti Inapogoma Kupiga Stata

Katika bandari ndogo za mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, mashine ya boti ikigoma kupiga stata hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi. Mmoja atasema betri imekufa, mwingine atasema stata imekwisha, na jua halijawa kali mtu ameshatumwa mjini kununua kimojawapo. Kipya kikifungwa na mashine ikabaki kimya, hununuliwa na kile cha pili. Nazungumzia hapa mashine kuukuu za kupachika nyuma ya boti, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, kama Yamaha Enduro ya hosipawa 40 ambayo wavuvi na wachukuzi wengi wa pwani na wa Ziwa Viktoria wanaijua kwa mlio wake. Nina hoja moja tu: kipimo kinachochukuliwa wakati mashine imepumzika hakitoi ushahidi wa kuaminika. Kila kiungo katika njia ya kuizungusha mashine kinapaswa kupimwa kikiwa kimebeba mzigo wake halisi, na kipimwe kwa utaratibu, kabla senti moja haijatoka mfukoni.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe, maana watu huchanganya mambo mawili. Kuna mashine inayozunguka vizuri lakini haishiki moto, na kuna mashine isiyozunguka kabisa. Ya kwanza ina matatizo ya petroli, ya plagi, ya koili au ya kabureta. Ya pili haijafika huko. Kama flaiwili, lile gurudumu zito lililo juu ya mashine, halizunguki, hata ukisafisha kabureta mpaka ing'ae hutakuwa umelikaribia tatizo. Hapa tunaizungumzia hiyo ya pili peke yake: unazungusha ufunguo au unavuta kamba, na chuma hakisogei.

Swali la kwanza halihusu umeme hata kidogo. Je, mashine yenyewe inaweza kuzunguka? Stata ni msaidizi wa mkono wa binadamu. Kama mkono hauwezi kuizungusha flaiwili, usiilaumu stata kwa kushindwa. Kwa hiyo weka gia kwenye nutro, toa waya wa hasi wa betri, funua kofia ya mashine na uzitoe plagi zote. Kisha shika flaiwili kwa mikono miwili na uizungushe kwa kufuata mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu, kwa sababu ndivyo zinavyozunguka karibu mashine zote za aina hii. Usiizungushe kinyume, maana mapezi ya mpira ya pampu ya maji yameshazoea kujikunja upande mmoja na yanaweza kuvunjika yakigeuzwa. Plagi zikiwa nje hakuna hewa inayobanwa ndani ya silinda, na mashine nzima inapaswa kuzunguka kwa nguvu ndogo tu, ukiusikia ule ukinzani mdogo wa sumaku za chini ya flaiwili. Kazi hii haizidi dakika kumi. Ndiyo inayorukwa zaidi ya zote, na ndiyo inayoamua utapoteza siku nzima au hutapoteza.

Ikiwa plagi zilipotoka tu maji yalifuata na flaiwili ikalegea, umeshampata mkosaji. Mvuke wa petroli na hewa hubanika, maji hayabaniki. Silinda ikijaa maji pistoni huyagonga kama ukuta na kusimama, na stata yenye afya kamili itatoa mlio mmoja mzito kisha ikanyamaza. Toa maji yote, lakini usifurahi mapema, maana maji hayo yamepita mahali fulani: gasketi ya kichwa cha silinda, kifuniko cha njia ya moshi, au wimbi lililoingia kwa nyuma boti ikiwa imeelemewa. Mashine iliyozama baharini ni dharura ya namna ya peke yake. Chumvi na hewa zikikutana juu ya beringi za chuma hazingoji kesho. Ioshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo, maji yamwagwe, oili imiminwe ndani ya silinda, na iwashwe ifanye kazi mapema kadiri inavyowezekana. Mashine iliyotolewa majini ikaachwa ufukweni wiki nzima ikimsubiri fundi, mara nyingi huwa ni hiyo inayokuja kuitwa imenoki.

Kunoki kwenyewe ni neno linalotumika ovyo. Mashine iliyokaza huenda imekamata juu, kwenye pistoni na shafti kuu, au imekamata chini, kwenye mguu, na tiba zake hazifanani. Namna ya kuzitenganisha ni kuufungua mguu: toa boliti zake, achanisha kiungo cha gia, uuteremshe. Flaiwili ikizunguka baada ya hapo, tatizo liko kwenye gia zilizojaa maji na kutu, au kwenye impela, yaani yale mapezi ya mpira ya pampu ya maji, iliyoganda ndani ya pampu yake kwa kukaa kavu muda mrefu. Huo ni msiba mdogo. Ikiwa bado imekaza, basi pistoni imeshikana na silinda. Hapo mimina oili laini ya kupenya kupitia matundu ya plagi, au mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia otomatiki, uache siku mbili tatu, uongeze, kisha uijaribu kwa spana kwenye nati ya flaiwili, kwa mwendo wa saa, kwa kusukuma kidogo kidogo. Usiingize chuma kwenye meno ya flaiwili ukakitumia kama wenzo, maana meno yakikatika umejiongezea ugonjwa wa pili ambao stata haitausamehe. Ikikubali kuzunguka, bado haijapona mpaka upime mgandamizo wa silinda zote: zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia kumi au kumi na tano, kuta za silinda zimeshakwaruzika.

Wenye mashine za kamba wanaweza kuona kuwa hadithi yao inaishia hapa, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Ila kuna mtego mmoja. Kamba ikigoma kutoka huku flaiwili inazunguka kwa mkono bila taabu, mashine ni nzima na kilichogoma ni kile kisanduku cha kamba juu yake. Springi imekatika, kucha za kushika zimeganda kwa chumvi, au, jambo linalosahaulika kila mara, kuna waya mwembamba unaoifunga kamba wakati mashine iko kwenye gia. Waya huo ukilegea au ukiota kutu, mashine iliyo kwenye nutro huendelea kufungwa kana kwamba iko kwenye gia. Watu wamevunja vishikio vya kamba kwa kuvuta kwa hasira, na mkosaji alikuwa waya mwembamba uliohitaji kukazwa nusu mzunguko.

Sasa rudisha plagi na waya wa hasi wa betri, tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo pesa nyingi za watu wa boti zinapozama. Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni huu: taa inawaka, honi inalia, mita inaonyesha volti 12.6, kwa hiyo umeme upo, kwa hiyo stata imekufa. Kila sehemu ya maneno hayo ni kweli isipokuwa hitimisho. Tufanye hesabu kidogo. Taa ndogo ya boti huvuta kama nusu ampea. Stata ya mashine ya hosipawa 40 huvuta ampea mia moja na zaidi. Tuchukue 100 ili hesabu iwe nyepesi. Kanuni ya Georg Ohm, aliyoichapisha mwaka 1827, inasema volti zinazopotea mahali popote ni ampea mara ukinzani wa mahali hapo. Tuseme kichwa kimoja cha waya kimeota kutu na kina ukinzani wa omu 0.03, kiasi kidogo hata mita nyingi za dukani haziwezi kukisoma. Taa ikiwaka, kutu hiyo inakula volti 0.015, na hakuna jicho la mtu litakaloiona tofauti. Stata ikiitwa, kutu ile ile inadai volti 3. Betri yenyewe huwa imeshashuka hadi kama 10.5 kwa uzito wa kazi, kwa hiyo stata inafikiwa na volti saba na nusu tu. Itaguna au itanyamaza, na mwenye boti ataapa kwamba umeme upo kwa sababu taa ameiona kwa macho yake.

Ndiyo maana nasema taa haithibitishi kitu. Inathibitisha kwamba njia inapitisha nusu ampea. Hujaulizwa hilo. Mtumbwi mmoja kupita kwenye mlango wa mto hakuonyeshi kwamba meli nayo itapita. Asili ya stata yenyewe inalieleza jambo hili. Charles Kettering alipobuni stata ya umeme iliyofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, alichokitambua ni kwamba mota ya kuzungusha injini haina haja ya kuwa kubwa, kwa sababu inafanya kazi sekunde chache tu. Mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mzito kupita kiasi chake kwa muda mfupi kisha ikapumzika. Hekima hiyo ndiyo iliyoko kwenye boti yako. Stata ni mota ndogo inayoishi kwa kuzidishiwa mzigo, hivyo inahitaji njia safi ya umeme kuliko kifaa kingine chochote ndani ya boti, na haitakiwi kushikiliwa zaidi ya sekunde kumi bila kupewa dakika moja au mbili za kupoa.

Kutokana na hayo kipo kipimo kimoja ambacho, kama mwenye boti angejifunza hicho tu na kuacha vingine vyote, bado angeokoa pesa nyingi. Chukua mita, weka ncha zake kwenye nguzo za betri zenyewe, zile za risasi, wala si kwenye vibanio vya waya. Soma volti betri ikiwa imetulia. Iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au zaidi kidogo, na ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Kisha, ukiwa bado unaitazama mita, mwenzako azungushe ufunguo. Ikiwa namba haikusogea, imebaki 12.6 ile ile, basi hakuna umeme mkubwa uliotoka. Njia imekatika mahali, na si betri wala si stata iliyojaribu ikashindwa. Ikiwa namba imeporomoka hadi saba au sita, betri ndiyo mgonjwa, ama haina chaji, ama chumba chake kimoja kimekufa. Iliyosoma 12.6 ikiwa imelala na 6 ikiwa kazini ni betri inayotoa salamu lakini haiwezi kunyanyua gunia. Na ikiwa imeshuka hadi 10 au 11 huku stata haizunguki, basi umeme unatoka na unafika mahali. Ama unapotea njiani kwa joto, ama stata imekwama, ama mashine yenyewe imekaza, jambo ambalo wewe uliyeanza na mkono umeshalijua. Sekunde tatu za kuitazama mita zimegawa tatizo zima katika mafungu matatu. Hakuna kubahatisha kunakoweza kushindana na hilo.

Fungu la tatu ndilo la baharini hasa, na hapa inafaa tukae kidogo. Chumvi huingia ndani ya waya kwa kupanda taratibu katikati ya nyuzi za shaba, chini ya mpira, mahali macho hayafiki. Kwa nje waya ni mweusi na mzuri. Ukiukata, shaba ndani imegeuka kuwa unga wa kijani au masizi meusi. Upande wa hasi ni mbaya zaidi, na unapuuzwa zaidi, kwa sababu watu wengi huhesabu waya mwekundu ndio wa umeme na mweusi ni wa kusindikiza tu. Umeme wote unaoingia kwenye stata kwa waya mwekundu lazima urudi kwa mweusi, ampea kwa ampea. Na mweusi huo umefungwa kwa boliti ya chuma kwenye mwili wa alumini, metali mbili tofauti, na maji ya chumvi katikati yake. Pale ndipo unapoota ule unga mweupe, na unga ule ni oksidi ya alumini, kitu kinachozuia umeme kupita. Kwa hiyo pima kila upande kwa zamu, daima ufunguo ukiwa umezungushwa. Ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye boliti kubwa ya stata: usomaji ukizidi nusu volti, upande huo una mwizi. Kisha ncha moja kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye mwili wa stata: hapo hata volti 0.3 inatosha kukutia shaka. Ukiona imezidi, sogeza ncha kiungo kwa kiungo, kutoka nguzo hadi kibanio, kibanio hadi waya, waya hadi swichi kuu, mpaka uone ni wapi namba inaruka. Kiungo hicho kimoja ndicho cha kufungua, kupiga msasa hadi metali ing'ae, kukaza na kupaka grisi. Kama ni waya ulioliwa ndani, usiukate kichwa ukauacha mwili. Ubadilishe wote, na ukiweza kupata waya wenye nyuzi zilizopakwa bati, huo ndio uliotengenezewa bahari.

Fungu la kwanza, lile la namba isiyosogea, linatupeleka kwenye njia ndogo ya umeme, ile inayobeba amri kutoka kwenye ufunguo. Kabla ya kugusa chochote tikisa mkono wa gia. Upeleke mbele, urudishe nutro, ujaribu tena huku ukiusukuma kidogo. Mashine za stata zina swichi inayokataa amri mpaka gia iwe kwenye nutro, na kebo ya gia iliyotanuka kwa umri huonyesha nutro mkononi huku swichi ikiwa haijabonyezwa. Ikiitika kwa kutikiswa, kazi yako ni kurekebisha kebo. Isipoitika, angalia fyuzi kubwa iliyo kwenye mashine, na uiangalie kwa mita, kwa sababu fyuzi inaweza kuonekana nzima huku miguu yake imeoza ndani ya kikombe chake. Halafu nenda moja kwa moja kwenye rilei ya stata, ile swichi inayoupitisha umeme mkubwa kwa amri ya ufunguo, na utafute waya wake mwembamba wa amri, ambao kwenye Yamaha nyingi ni wa rangi ya kahawia. Ufunguo ukizungushwa waya huo unapaswa kuwa na volti 12. Usipokuwa nazo, mkosaji yuko nyuma, kati ya fyuzi, ufunguo na swichi ya nutro. Ukiwa nazo na rilei haigongi, hakikisha kwanza waya wake wa hasi ni mzima, kisha ihukumu rilei. Na ikiwa inagonga tik moja na stata haiitiki, weka ncha za mita kwenye boliti zake mbili kubwa na uzungushe ufunguo. Rilei nzima husoma karibu na sifuri. Ikibaki 12, inagonga lakini haifungi njia, maana sahani zake za ndani zimeungua.

Ikiwa vyote hivyo vimepita mtihani, yaani mashine inazunguka kwa mkono, betri haiporomoki, nyaya haziibi na rilei inafunga, hapo ndipo stata inapostahili kutolewa na kufunguliwa. Hata hapo usiitupe. Mara nyingi kilichokwisha ni kaboni zake, vipande viwili au vinne ambavyo fundi huvibadilisha mezani, au mviringo wa shaba unaoguswa na kaboni hizo umejaa uchafu. Kama stata inavuma kwa kasi lakini mashine haizunguki, mota ni nzima na bendiksi, ile gia ndogo ya stata, ndiyo iliyogoma kupanda kwenye meno ya flaiwili. Isafishe, uitie oili nyepesi kidogo tu. Grisi nzito hushika mchanga, na mchanga ndio uliokufikisha hapo.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na si za kipuuzi. Ya kwanza: mita sina, na ufukweni kwetu hakuna mwenye nayo. Mita ndogo ni rahisi mara nyingi kuliko stata, kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba ununue. Lakini hata bila mita, kanuni ya kupima chini ya mzigo inabaki. Ile kutu ya omu 0.03 inayopitisha ampea 100 inazalisha joto la wati 300, kama pasi ndogo ya nguo. Jaribu kupiga stata kwa sekunde tano, zima, kisha pitisha vidole kwa uangalifu kwenye kila kiungo kuanzia betri hadi stata. Kilicho moto kuliko vingine ndicho kinachokula umeme wako. Au chukua nyaya nene za kubustia gari. Unganisha mmoja kutoka nguzo hasi ya betri hadi kwenye mwili wa mashine, kibanio cha mwisho kikae mbali na betri, kisha zungusha ufunguo. Stata ikiamka, waya wako mweusi umekiri kosa. Kama haikuamka, fanya vivyo hivyo kwa upande wa chanya, kuanzia betri hadi upande wa rilei unaopokea umeme, ukichunga sana kibanio kisiguse mwili wa mashine.

Ya pili: fundi wetu huigonga stata kwa nyundo na inawaka, kwa nini nihangaike? Inawaka kwa sababu kaboni zilizokwisha zimesogezwa kidogo zikagusa tena. Nyundo imekupa taarifa sahihi na tiba ya uongo. Safari hii imewaka gatini. Haijulikani safari ijayo itagoma wapi, pengine kati ya Mafia na bara upepo wa kusi ukiwa umechachamaa. Tena stata nyingi zina sumaku za kudumu zilizogandishwa kwenye ukuta wake wa ndani, na sumaku hizo hupasuka kwa kugongwa. Ya tatu, inayofanana nayo, ni kuunganisha betri mbili kwa mfululizo ili zitoe volti 24. Kweli mashine itazunguka, kwa sababu volti nyingi zinavuka kutu kwa nguvu. Lakini bendiksi itagonga meno kwa kishindo, koili ya rilei inaweza kuungua, na kila kifaa kilichounganishwa kwenye njia hiyo kinapokea umeme ambao hakikuundwa kuubeba. Na kutu bado ipo pale pale.

Ya nne inahitaji uangalifu zaidi, maana inahusu maisha. Wengi huunganisha boliti mbili za rilei kwa bisibisi. Siwezi kusema haina faida kama kipimo, kwani inaonyesha papo hapo kama tatizo liko kabla ya rilei au baada yake. Ila bisibisi inairuka swichi ya nutro, na mashine iliyo kwenye gia ikiamka, propela inazunguka mahali ambapo huenda mtu amesimama majini akiishikilia boti. Inatoa pia cheche kubwa, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutulia chini ya boti, hasa zile za faiba zenye visanduku vilivyofunikwa. Anayetaka kufanya kipimo hicho aondoe tangi, apeperushe boti, athibitishe nutro kwa kuzungusha propela kwa mkono, watu watoke majini, na atumie waya wenye swichi badala ya chuma mkononi. Plagi zikiwa nje, vichwa vya nyaya zake vigusishwe kwenye chuma cha mashine mbali na matundu, kwa kuwa matundu hayo yatarusha ukungu wa petroli na cheche moja inautosha.

Pingamizi ya mwisho ndiyo yenye uzito, nayo ni ya muda. Mvuvi anayepoteza maji ya asubuhi amepoteza mlo wa siku, na mtu wa namna hiyo hana subira ya kupima kiungo kwa kiungo. Namwelewa kabisa. Lakini tuhesabu vizuri: kuzungusha flaiwili kwa mkono ni dakika kumi, kusoma betri chini ya mzigo ni dakika mbili, kupima nyaya za pande zote mbili ni robo saa, rilei ni dakika tano. Kwa zaidi kidogo ya nusu saa ameshajua kama anahitaji msasa, fyuzi, betri au fundi. Kumtuma mtu mjini ni siku nzima, na anarudi na kifaa ambacho hakuna aliyethibitisha kwamba kinahitajika. Mwenye haraka ndiye hasa asiyeweza kumudu kubahatisha.

Wa Mwanza na Ukerewe wana unafuu na wana taabu yao. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo nyaya hudumu zaidi, lakini betri za ziwani mara nyingi hutumika pia kuwashia taa usiku kucha, na kufika alfajiri zimebaki na nguvu ya kuwasha balbu peke yake. Kwao usomaji wa betri chini ya mzigo ndio utakaojibu mara nyingi kuliko nyaya, na dawa ni kutenga betri ya stata isiyoguswa na taa.

Mashine ikishaamka, usiifunike kofia mara moja. Pima tena mara mbili ukiwa na utulivu: betri inashuka hadi volti ngapi stata ikizunguka vizuri, na ni kiasi gani kinapotea kwenye waya mwekundu na kwenye mweusi. Mashine inayoitwa nzima itakupa namba zake yenyewe, na mashine kuukuu mbili hazifanani hata kama zilitoka kiwandani mwaka mmoja. Ziandike namba hizo kwa kalamu isiyofutika ndani ya kofia, pamoja na tarehe, na uzipime upya kaskazi inapoisha na kusi inapoisha. Waya mweusi uliokuwa ukipoteza volti 0.1 na sasa unapoteza 0.3 bado unawasha mashine kila siku bila malalamiko, na huo ndio wakati wa kuufungua, boti ikiwa imepweleka mchangani na msasa uko mkononi.